Lumbesa ya Alama: Barua ya Wazi kwa Seneti za Vyuo Vikuu Vyetu

Waheshimiwa Wajumbe wa Seneti,

Shikamooni nyote mlionitangulia kuzaliwa. Mliobaki, ambao kwa makisio yangu ni wengi, hamjambo. Huenda baadhi yenu niliwafundisha kutafuta kipeuo cha pili, na kama ni hivyo mtanisamehe nikirudia kuwafundisha bila kualikwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Hesabu wa shule ya sekondari, naishi Iringa. Sina shahada ya uzamivu na sijawahi kuketi kwenye kikao cha Seneti. Nilichonacho ni chaki ya miaka mingi vidoleni na kikokotoo cha zamani ambacho bado kinawaka. Nawaandikia kwa sababu ya namba moja, 3.4.

Novemba iliyopita binti wa dada yangu alihitimu shahada yake ya kwanza. Chuo sikitaji, kwa kuwa sina ugomvi na chuo kimoja. Kanuni iliyotumika kwake inafanana na ya vyuo vingi nchini. Aliyenipigia simu kwanza ni dada. "Kaka, mtoto kapata 3.4. Wa jirani kapata 3.9. Si wetu ndiye kafanya vizuri zaidi?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Dada ana sababu. Kidato cha nne kilele ni Division One ya pointi 7. Kidato cha sita ni pointi 3. Miaka yote mzazi anazoeshwa kwamba pointi chache ndiyo heri, halafu mtoto akivuka geti la chuo hesabu inageuzwa miguu juu kichwa chini na hakuna anayemwambia. Na asisahaulike yule mzazi wa mwaka 2014, Baraza la Mitihani lilipoleta GPA hadi sekondari, na mwanzoni mwa 2016 serikali ikaamuru Division zirudi. Mwenye watoto wawili waliopishana miaka miwili alilazimika kujifunza kusoma matokeo mara mbili ndani ya nyumba moja.

Mpwa wangu mwenyewe alikuja Jumamosi iliyofuata, mkononi ana bahasha na kidaftari chenye jalada la bluu. "Shikamoo mjomba. Naomba unikagulie hesabu. Mimi nilikuwa na 3.5."

Ninyi mnaijua kanuni hii kuliko mimi. Lakini barua ni ya wazi, itasomwa na akina dada yangu pia, kwa hiyo mnivumilie niandike ubaoni kidogo.

Kila somo la chuo lina krediti zake. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza: mihadhara, semina, mazoezi, na zile saa za usiku kwenye vimbweta mbu wakila na wewe desa moja. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Alama za somo hutoka sehemu mbili, kwa kawaida 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Jumla yake inageuzwa herufi: 70 na kuendelea ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, 40 hadi 49 ni C. Chini ya hapo ni sapu, na sapu hata ukiifaulu kwa 90, vyuo vingi vitakuandikia C. Hilo sina neno nalo. Herufi nazo zinageuzwa pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi za somo zinazidishwa kwa krediti zake, mazao yote yanajumlishwa, na jumla inagawanywa kwa krediti zote. Jibu, ambalo ndilo GPA, linakatwa libaki na nafasi moja tu ya desimali. Nasema kukatwa, sisemi kukadiriwa. 3.41 ni 3.4, na 3.49 nayo ni 3.4. Mwenye 4.4 kwenda juu ana daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 amefaulu, basi.

Mpwa wangu alisoma masomo 40. Alipata A 3, B+ 17, B 17 na C 3. Fanyeni kama alivyofanya yeye usiku ule matokeo ya mwisho yalipotoka: 15 jumlisha 68 jumlisha 51 jumlisha 6. Ni 140. Gawanya kwa 40 unapata 3.5, haidai chenji wala haidaiwi. Aliwaambia rafiki zake. Alimwambia mama yake pia, ingawa mama, kama mlivyoona, aliipokea habari kwa tahadhari.

Alichosahau ni krediti. Masomo 30 yalikuwa ya krediti 8 na masomo 10 ya krediti 12. Katika yale 10 mazito ndiko alikoteleza: A 1, B+ 3, B 5, C 1, yaani pointi 34, na ukizidisha kwa 12 ni 408. Yale 30 mepesi yalimpa pointi 106, ukizidisha kwa 8 ni 848. Jumla 1,256. Gawanya kwa 360. Nilibonyeza mara mbili, mara ya tatu nikagawanya kwa mkono nyuma ya bahasha: 3.488, halafu nane zisizokwisha.

Kwenye uzito wa krediti sina lawama. Somo la saa 120 kuhesabika zaidi ya somo la saa 80 ni haki, na laiti wanafunzi wangeambiwa hivyo wiki ya kwanza, wengine wangegawa usiku wao vizuri zaidi. Ili kufika 3.5 alihitaji pointi 1,260. Alipungukiwa 4.

Nilipofika kwenye kukata ndipo damu ilipochemka. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kila mtu anaijua lumbesa. Mkulima wa viazi anajaza gunia, mnunuzi anasema bado, linawekwa kilemba juu ya mdomo, linashonwa na kamba, na bei ni ya gunia moja lilelile. Kilemba hakina bei. Sheria ya Vipimo imeikataza, Wakala wa Vipimo wanaipigia kelele kila msimu, na ubaya wake hata asiyesoma anauona: inakosea upande mmoja tu. Mizani mbovu ya kawaida leo itamwonea muuzaji, kesho mnunuzi. Lumbesa humwonea mkulima kila siku. Kukata desimali ni hivyohivyo. Hakuna mwanafunzi hata mmoja tangu kanuni hiyo ianze aliyewahi kunufaika nayo. Ama imemwacha alivyo, ama imempunguza.

Nikachukua kalamu niwaandikie barua kali. Mshukuru sikuituma.

Mwalimu wa Hesabu akikasirika inampasa aikague hasira yake kama anavyokagua jibu. Tuseme mngeacha desimali mbili. Angekuwa na 3.48, na 3.48 haijafika 3.50. Daraja lingebaki lilelile. Kisu nilichotaka kukilaani hakikumshusha daraja hata hatua moja. Kilichofanya ni kuficha. Mwenye pointi 1,224 na mwenye pointi 1,256 wote wameandikiwa 3.4, pointi 32 zikiwa zimefutwa kwenye karatasi. Ilhali mwenye 1,256 na mwenye 1,260, waliotofautiana pointi 4, wanaonekana mbele ya mwajiri kama watu wa tabaka mbili. Hiyo ni kasoro, nami naomba irekebishwe. Lakini chanzo cha msiba wa mpwa wangu hakikuwa hapo, na kama ningeishia hapo ningekuwa nimemkamata mpiga debe na kumwacha dereva.

Tukafungua kidaftari. Hati ya matokeo mliyompa ina herufi tu. Alama zenyewe alikuwa akizinakili kila muhula matokeo yalipofunguliwa. Nikapitisha kidole. Mara tatu ameandika 69. Mara nne ameandika 59. Ya mwisho kati ya hizo nne, ya somo la krediti 8, aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu hadi karatasi ikachanika.

Kama ile moja ingekuwa 60, B ingekuwa B+, pointi 8 zingeongezeka, 1,264 kwa 360 ni 3.51, na daraja la pili la juu liko mezani. Niliijumlisha miaka yake mitatu yote: alama 2,449 katika 4,000 zilizowezekana. Alama ya 2,450 ndiyo ilikuwa na daraja lake. Na haikuwa alama yoyote ile. Alama hiyohiyo ingeongezwa kwenye somo alilopata 66 isingebadilisha kitu, ingemezwa.

Hapo ndipo lumbesa ilipo, Waheshimiwa. Kabla desimali haijaguswa, mwanafunzi ameshaacha mzigo wake kwenye kila herufi. Aliyepata 69 analipwa kama aliyepata 60. Alama tisa ni kilemba cha gunia, hazina bei. Aliyepata 100, kama yupo, analipwa kama aliyepata 70.

Mkitaka kuona jambo hili linavyokwenda mbali, chukueni wanafunzi wawili wa masomo matano yenye krediti sawa. Wa kwanza amepata 69 katika yote. Wa pili amepata 70, 70, 70, 60 na 60. Wastani wa alama za wa kwanza ni 69, wa pili 66. Sasa geuzeni herufi. Wa kwanza ana B+ tano, GPA 4.0, daraja la pili la juu. Wa pili ana A tatu na B+ mbili, GPA 4.6, daraja la kwanza. Aliyezidiwa kwa alama ndiye anayeitwa jukwaani kupewa zawadi. Niliwahi kuwapa vijana wangu wa kidato cha tatu swali linalofanana na hilo, nikaliita la mtego. Sikujua kuna mahali linaitwa kanuni.

Mtasema mwanafunzi asome zaidi, apate 70. Nami ningesema hivyo, kama kipimo cha kutoka 69 hadi 70 kingekuwa cha uhakika kiasi hicho. Lakini ninyi ni wasahihishaji, mimi pia nimekuwa msahihishaji. Hata sisi wa Hesabu, ambao watu wanadhani majibu yetu ni ndiyo au siyo, tunatofautiana kwenye alama za njia. Nimewahi kusahihisha karatasi asubuhi, nikaipitia tena jioni baada ya chakula, ikapanda alama tatu. Insha ya falsafa au sheria itakuwaje, ikiwa ya 400 katika rundo? Na nikiri jambo: nilikuwa na tabia ya kumwangalia mtoto aliyekwama alama moja chini ya mpaka na kurudi kutafuta alama hiyo kwenye karatasi yake. Mara nyingi niliipata. Walimu wenye moyo kama wangu hufanya hivyo, wengine husema sheria ni sheria, na wote wana hoja. Tatizo ni kwamba alama moja ikibeba uzito wa pointi nzima, daraja la mtoto linategemea mwalimu yupi alishika karatasi yake.

Wala si lazima mambo yawe hivi. Mwaka 1961 chuo chetu cha kwanza kilizaliwa Dar es Salaam kama mtoto wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 wakagawana, kila mmoja akaenda zake. Ndugu hao watatu leo wanahesabu kwa njia tatu. Vyuo vikuu vya umma vya Kenya kwa kawaida vinapanga madaraja kwa wastani wa alama zenyewe: 70 la kwanza, 60 hadi 69 la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini. Makerere wana pointi 5 kama sisi, lakini ngazi zao ni za nusu nusu, 5, 4.5, 4.0, 3.5 na kushuka, na madaraja yao yameandikwa kwa desimali mbili: la kwanza linaanza 4.40, la pili la juu 3.60. Anayeanguka kwa Makerere anaanguka nusu ngazi. Kwetu anaanguka nzima.

Niliupiga wastani wa alama za mpwa wangu kwa uzito wa krediti. Ni 22,000 kugawanya kwa 360, yaani 61.1. Kwa utaratibu wa Kenya hiyo ni daraja la pili la juu, bila kumwomba mtu. Najua mitihani ya Nairobi si mitihani ya kwetu, na sisemi angepata alama zilezile kule. Nasema alama zilezile, zikisomwa kwa macho mengine, zina jina jingine.

Nikitazama ilivyotokea naona tumeoana na watu wawili na kurithi kasoro za wote. Mipaka ya 70, 60, 50 na 40 pamoja na majina ya madaraja ni ya Mwingereza. Lakini Mwingereza hupanga madaraja kwa alama zenyewe, na vyuo vyake vingi vina kanuni ya kumwangalia upya aliyekwama mpakani. GPA ni ya Mmarekani. Lakini Mmarekani hapangi shahada zake kwa la pili la juu na la pili la chini, vyuo vyake vingi vina herufi za kati kama A- na B-, na GPA yake kwa kawaida huandikwa kwa desimali mbili. Sisi tumechukua kuta za mmoja na ngazi za mwingine, tukaacha milango yote miwili.

Na kuta hizi zina gharama nje ya geti lenu. Tangazo la ufadhili wa shahada ya uzamili alilolikata mpwa wangu kwenye gazeti lilitaka daraja la pili la juu. Vyuo vyenyewe mkitangaza nafasi za kuanza kazi ya kufundisha, mnataka GPA isiyopungua 3.8, na mwenye 3.7 barua yake haifunguliwi. Ajabu ni kwamba shahada ya udaktari wa tiba haina madaraja kabisa. Yule atakayenipasua tumbo mnaniambia amefaulu, inatosha. Yule atakayefundisha jiografia lazima nijue kama ni wa juu au wa chini.

Sasa pendekezo, maana mwalimu anayelaumu bila kuonyesha njia hapewi alama za njia. Madaraja yenu wenyewe yameshachora mstari, ila hamjaufuata. Daraja la pili la juu linaanza 3.5 na B+ inaanza 60. Daraja la kwanza linaanza 4.4 na A inaanza 70. Daraja la pili la chini ni 2.7 na B ni 50. Kufaulu ni 2.0 na C ni 40. Basi 40 iwe 2.0, 50 iwe 2.7, 60 iwe 3.5, 70 iwe 4.4, na 100 iwe 5.0. Kati ya 40 na 50 kila alama iongeze 0.07, kati ya 50 na 60, 0.08, kati ya 60 na 70, 0.09, kutoka 70 kwenda juu, 0.02. Herufi zibaki kwa anayezipenda. Pointi zitokane na alama.

Warudisheni wale wawili. Mwenye 69 tano anapata 4.31, mwenye 70 tatu na 60 mbili anapata 4.04, na dunia imerudi kusimama kwa miguu yake. Mpwa wangu, kwa alama zilizomo kidaftarini, anapata 3.61. Ile 59 yenye wino mwekundu inampa 3.42 mahali ambapo leo inampa 3, na kama ingekuwa 60 ingempa 3.5. Alama moja inakuwa na thamani ya alama moja.

Siwafichi kwamba wapo watakaopoteza. Leo anayegusa 70 anapewa 5 nzima, zawadi kubwa kuliko kazi, na zawadi hiyo ndiyo inayowavusha wengi kwenye 4.4. Kwa mstari huu, daraja la kwanza litataka wastani wa alama unaozunguka 70 kweli, na huenda wahitimu wa daraja hilo wakapungua. Watalalamika, na wana haki ya kuniandikia mimi. Ndiyo maana pendekezo hili lisiwaguse walio katikati ya safari. Lianze na wanaoingia mwaka wa kwanza, wakijua tangu siku ya kusaini fomu.

Kuhusu ugumu wa kukokotoa sitaki kusikia. Zamani mratibu wa mitihani alijaza madaftari kwa mkono, na herufi zilimwokolea usiku. Leo alama zote zimo kwenye mfumo wa kompyuta tayari. Mfumo huohuo unazigeuza herufi na kutupa zilizobaki. Naomba tu usizitupe.

Kama hayo ni mengi kwa mwaka huu, yapo mawili yasiyohitaji mjadala wa miaka. Andikeni GPA kwa desimali mbili bila kukata hadi moja, na pembeni yake wastani wa alama, ili anayesoma hati aone 3.48 na 61.1 na aamue mwenyewe. Na kwenye barua ya kujiunga, pale mnapoorodhesha godoro na ada, wekeni ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza krediti, pointi na madaraja, pamoja na mstari mmoja wa kumwambia mama kwamba huku namba kubwa ndiyo nzuri.

Simwombei mpwa wangu chochote. Kanuni aliyosomea ndiyo iliyompima, matokeo yake yamepita Seneti, na kwa sasa anafundisha kwa mkataba wa muda shule moja ya jirani, nasikia wanafunzi wanampenda na karatasi zao anazisahihisha mara mbili. Naomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, lijadiliwe na watu wenye kikokotoo mezani. Kidaftari cha bluu ninacho mimi. Mkitaka kuhakiki hesabu zangu, niambieni siku, nitapanda basi nikilete.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa Hesabu,
Iringa